Niliwaacha Waamini Kuwa Naona

Wiki jana niliwaacha nimekaa kwenye kiti cha daktari wa macho, koti mapajani, jicho la kushoto nimeliziba kwa kiganja. Baadhi yenu mmeniandikia. Mmoja ameniita mnafiki, mwingine ameniombea dua. Nawashukuru wote wawili, ila yule wa kwanza angengoja kidogo, maana leo nitampa sababu nzuri zaidi.

Kwa aliyekosa za nyuma: naitwa Arlene Mazurek, mjane, miaka hamsini na saba. Kwa miaka thelathini na mitatu nimekuwa mnyoosha mitutu katika kiwanda cha bunduki cha Haddow, hapa Tarlow Falls, jimbo la New York. Kiwanda kinahama. Wakubwa wanasema wabunge wa jimbo, kule Albany, wametunga sheria za kuwabana, na kule Tennessee wamepewa ardhi bure, kodi wamesamehewa, na wanasubiriwa kwa ngoma na utepe.

Watu mia nne wameshaachishwa kazi. Tumebaki sitini, wa karakana ndogo ya bunduki zinazotengenezwa kwa oda ya mteja. Mdogo wangu Gene, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, ameapa karakana hiyo haitoki mjini.

Na silaha yake ilikuwa moja tu, jicho langu.

Mtutu ukitoka kwenye mashine huwa umepinda kidogo tu, pengine unene wa unywele. Mimi huuelekeza kwenye dirisha la kaskazini, ambapo tumevuta waya mmoja kwenye kioo, nikachungulia ndani. Kivuli cha waya kikilala sawa mle ndani, mtutu umenyooka. Kikivunjika, nazungusha gurudumu la shinikizo lililo juu ya kichwa changu, naukandamiza, natazama tena. Baba alifanya hivyo, na babu kabla yake. Wengine waliojua kazi hii wamestaafu au wamezikwa. Mashine mpya ya Tennessee inaimudu mitutu minene, lakini ile myembamba inaiharibu.

Basi, daktari.

Alinipa karatasi yenye miraba kama daftari la hesabu, katikati kitone cheusi.

"Tazama kitone. Mistari ikoje?"

"Ya pembeni imenyooka. Ya katikati imepindapinda. Nani kaichora hii, mlevi?"

Hakucheka.

"Bi Mazurek, mistari yote imenyooka."

Nikamwambia anipe miwani. Akasema miwani haitasaidia, ugonjwa uko nyuma ya jicho. Kuna sindano zinazoweza kuuzuia usizidi, lakini kilichoharibika hakirudishi yeye wala mwingine.

"Na hili la kushoto?"

"La kushoto liliumia zamani, umeniambia mwenyewe. Kipande cha chuma. Litakusaidia usigonge milango."

Nikatoka. Nikaingia kwenye gari, nikawasha, nikazima, nikawasha tena. Tangu Agosti nilikuwa naona vivuli vimevunjika, nikasema mwaka huu mashine zimechoka, nikanyoosha na kunyoosha. Kumbe iliyokuja imenyooka niliipinda mimi, na iliyopinda nikaiongezea.

Mtauliza, wakaguzi walikuwa wapi? Wakaguzi walikuwa wa kwanza kupakiwa. Walihamishiwa kusini mwezi wa sita, wao na vipimo vyao vyote. Kuanzia hapo neno langu ndilo lilikuwa ukaguzi. Nikishagonga alama yangu chini ya mtutu, ile alama ya jani aliyoiacha baba, hakuna aliyeuliza tena.

Niliapa kumwambia Gene Jumamosi.

*

Jumamosi hiyo msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa. Hapa kwetu siku hiyo hata harusi haipangwi, na ukifa utazikwa Jumanne. Tulikuwa kambini tangu alfajiri, kibanda kile kile cha baba, sufuria ya maharage na nyama juu ya jiko, na wanaume kumi na wawili wanaonuka soksi.

Gene alinipa bunduki yake mpya. Aliinunua kiwandani mwezi wa tisa, moja ya zile za mwisho zilizochongwa jina la Tarlow Falls.

"Izindue wewe, dada," akasema. "Mimi mkono wangu una nuksi."

"Gene, nina neno nataka kukwambia."

"Kulungu kwanza. Maneno baadaye."

Saa mbili asubuhi akatokea kulungu dume kwenye uwazi, hatua sitini tu, akasimama ubavu kama anayepigwa picha. Nikalenga kwa utulivu wote nilionao. Nikafyatua. Kulungu akageuka, akanitazama, akaenda zake bila hata kukimbia.

Niliporudi kambini habari ilikuwa imenitangulia. Rudy Dufresne, mwenzetu wa karakana, alikuwa mlangoni ameshika mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo.

"Geuka, Arlene."

"Rudy, usinichezee."

"Sheria ni sheria, mama. Aliyekosa anakatwa. Miaka yote hii unatucheka sisi, leo Mungu amekukumbuka."

Huo ndio utaratibu wa kambi zetu. Ukikosa kulungu, unakatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa ukutani na jina lako na mwaka. Ukuta ule una mapindo mpaka ya marehemu. Langu halikuwahi kuwepo. Nikageuka, nikasikia mkasi ukila flaneli ya shati, nikasikia kicheko, na baridi ikanipiga mgongoni.

Rudy mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Nilifurahi kumwona anacheka. Mkewe Paula yuko kwenye matibabu ya saratani tangu masika, na bima inayomlipia ni ya kiwanda chetu.

Gene hakucheka.

"Dada yangu hakosi hatua sitini," akasema. "Ni bunduki."

"Aaah!" wakapiga kelele wote. "Kila aliyekosa husema ni bunduki!"

"Leteni karatasi ya shabaha. Tutaona."

Nikamshika mkono. "Gene, acha. Nimekosa, basi. Njoo tuzungumze."

Hakunisikia. Alipigilia karatasi kwenye mti, akaiweka bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga risasi tatu taratibu. Tukaenda kutazama. Matundu yote matatu yalikuwa yamekaa pamoja, mazuri, lakini kushoto, kiganja kizima kutoka katikati. Akarekebisha darubini, akapiga nyingine. Mtutu ulipopata joto risasi zikaanza kuhama tena, kila moja kushoto zaidi.

"Mtutu umepinda," Rudy akasema polepole. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Gene akafungua skrubu, akautoa mtutu kwenye kitako chake cha mbao, akaugeuza tumbo juu. Niliijua alama ile kabla hajaifuta mafuta. Jani dogo, lenye mshipa katikati.

Akanitazama. Akanivuta nyuma ya kibanda penye kuni. Nikasema moyoni, sasa, Arlene, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hujafa bado.

"Mtutu huu umetoka mikononi mwako," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe, ambaye baba alikuwa anakuita fundi ukiwa na miaka ishirini na minne."

"Gene, nisikilize..."

"Ngoja. Ni huu mmoja, au ni mingi?"

"Ni mingi," nikasema. "Tangu Agosti."

Nilimwona uso ukibadilika. Nilijiandaa kupigiwa kelele. Badala yake mdogo wangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye mabega kama mlango, akanikumbatia na kuninyanyua kutoka ardhini.

"Shetani wewe! Mwanamke shetani! Umekuwa ukiwapindia makusudi! Wanahamisha bunduki zetu Tennessee, na wewe unawapakia ndizi!"

Nikafungua mdomo.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Usiniambie mimi wala mtu yeyote. Sikuulizi. Lakini baba angekuwa hai angekununulia bia."

Alikuwa analia, Gene. Tangu mwezi wa pili sijamwona akitabasamu, mkewe anasema anaota akipiga kelele za mikutano, na sasa ananiangalia kama nimemrudishia mji mzima. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nikayameza.

Msomaji, niite unavyotaka. Mimi nilijiita mengi njiani kurudi nyumbani, na shati langu halina mgongo.

*

Jumatatu, kabla sijavua koti, Gene alikuwa ameshaingia ofisini kwa Bwana Strand, mkuu wa uhamishaji. Huyu Strand ni mtu mpole sana. Hajawahi kuinua sauti. Amefunga viwanda vitatu kwa sauti hiyo hiyo.

Gene akatoka, akapanda juu ya sanduku, akatangaza.

"Jumatano! Hapa hapa, mbele yenu! Mitutu mitatu myembamba iliyoharibiwa na ile mashine yao. Dada yangu ataichukua na kuinyoosha kwa jicho. Akiiweza yote mitatu, karakana inabaki Tarlow Falls miaka mitano, kwa maandishi. Bwana Strand amekubali."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikashika meza.

"Na tukishindwa?" Rudy akauliza.

"Hatushindwi."

"Gene, mke wangu haishi kwa makofi. Tukishindwa?"

Gene akakuna shingo. Ilibidi aseme. Kampuni ilikuwa na karatasi nyingine mezani, ya kuachana kwa amani: malipo ya miezi sita kwa kila mtu na bima ya matibabu mwaka mzima. Ingesainiwa na chama kabla ya saa sita mchana Jumatano. Ikifika saa sita haijasainiwa, imekufa.

"Kwa hiyo tutaona mtutu wa kwanza kabla ya saa sita," Gene akasema. "Arlene akiuweza, hatusaini ng'o. Asipouweza, nasaini pale pale. Mimi si mwehu, Rudy."

Hapo ndipo Rudy alinigeukia. "Wewe mwenyewe unasemaje, mama?"

Macho sitini yalinitazama, na mengine sitini. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa naona wote wananitegemea.

"Nitajaribu," nikasema.

Gene akacheka. "Mmesikia? Eti atajaribu!" Akaniinamia sikioni. "Safari hii nyoosha kweli, dada. Mchezo umekwisha."

Usiku ule na uliofuata nilipika pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, ambazo hakuna aliyeziagiza. Nilifua mapazia. Nilifanya mazoezi kwa jicho la kushoto, nikichungulia bomba la pazia kuelekea dirishani, na sikuona ila ukungu wa kijivu. Mara mbili nilishika simu. Mara ya pili iliita, mke wa Gene akapokea, akasema, "Arlene! Unajua jana amelala? Kalala mpaka asubuhi, mara ya kwanza." Nikamuuliza habari za mbwa wao, nikakata.

*

Jumatano saa nne na nusu asubuhi, karakana nzima ilikuwa imesimama kwenye nusu duara nyuma ya kiti changu. Mtu alileta donati. Anga ilikuwa ya mawingu meupe, mwanga mzuri kabisa, mwanga ambao baba aliupenda.

"Nani atapima?" Gene akauliza.

"Vipimo vyetu viko Tennessee," Strand akasema, "kwa hiyo nimeleta kimoja, na mtu wa kukitumia. Mnamfahamu."

Akasogea Lavonne Teague.

Mnakumbuka wiki tatu zilizopita niliwaambia juu yake. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, kampuni ilimleta kutoka Tennessee ajifunze kazi yangu, na hakuna aliyemwachia nafasi ya kukaa wakati wa chakula. Yeye ndiye atakayepata ajira hii ikihamia kwao. Watu wakaguna.

"Mbwa mwitu ndiye apime nyama?" Rudy akasema.

"Ndivyo nilivyotaka mimi," Gene akamjibu. "Mtu wao akisema umenyooka, nani atabisha?"

Lavonne aliweka kipimo mezani, vigurudumu viwili vya kulalia mtutu na saa ndogo yenye mshale. Mtutu ukizungushwa juu yake, mshale ukicheza umepinda, ukitulia umenyooka. Aliiweka ile saa ikimtazama yeye.

Nikachukua mtutu wa kwanza. Nikauelekeza dirishani.

Kivuli cha waya kilikuwa kama nyoka. Nikauzungusha, nyoka akabaki pale pale, kwa sababu nyoka alikuwa jichoni mwangu, si kwenye mtutu. Nikasikia Gene akipumua nyuma yangu.

Nikafanya nilichoweza. Nilitazama kwa pembeni, kama pembeni ya kitone kile cha daktari, pale jicho linapobakiza uzima kidogo. Nikapapasa mtutu kwa kidole kama kipofu. Nikazungusha gurudumu, nikakandamiza, nikatazama, nikakandamiza tena. Mikono yangu inaijua kazi hii, nikajiambia, mikono haina ugonjwa.

Saa tano na nusu nikaweka mtutu mezani.

"Tayari," nikasema.

Lavonne akaulaza juu ya vigurudumu. Akauzungusha mara moja, polepole. Akauzungusha mara ya pili. Akainua macho akanitazama mimi, si Strand. Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kunywa maji.

"Umenyooka," akasema.

Paa lilitaka kung'oka. Walinipiga mgongoni, walinibusu, mtu alinipaka sukari ya donati shavuni. Rudy alikuwa amekaa chini kwenye ndoo, kofia usoni, mabega yanatikisika. Strand alitazama saa yake, akaandika kitu, akasema kwa upole tutaendelea na wa pili baada ya chakula.

Mimi nikajisemea, labda kweli. Labda daktari ni mjinga. Furaha iliniingia, nikakimbilia chooni kunawa uso.

Lavonne akaingia nyuma yangu, akafunga mlango, akauegemea.

"Bi Arlene," akasema, kwa ile sauti ya kwao ya kuvuta maneno. "Mshale wa kipimo ulizunguka nusu duara."

Maji yalikuwa yanaendelea kutoka. Nikafunga bomba.

"Huoni, sivyo?"

"Sioni."

"Nilijua siku ya pili tu niliyokaa karibu yako. Ulikuwa unanifundisha kutazama kivuli, na wewe mwenyewe unapapasa."

"Sasa kwa nini umesema umenyooka? Ungesema umepinda, kazi ni yako. Ungekuwa umeshamaliza."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kwetu kulikuwa na kiwanda cha soksi. Nilikuwa hapo miaka kumi na tisa. Kilipohamia ng'ambo, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha waliokuja kukichukua. Nilifundisha vizuri, wakanipa cheti. Sasa nimekuja kwenu na mimi ndiye ninayechukua." Akafuta pua kwa mkono. "Nilifungua mdomo kusema umepinda, nikamwona yule mzee wa kofia, mwenye mke mgonjwa. Neno likanitoka jingine. Sikupanga."

"Mungu akubariki."

"Usinibariki, nimefanya vibaya. Nimedanganya kwa mtutu mmoja. Imebaki miwili, na Strand ameniambia sasa hivi yote mitatu itapigwa risasi jioni mbele ya mwanasheria. Risasi haidanganyi. Mtashindwa, Bi Arlene, ni suala la saa ngapi tu."

Nikashika sinki.

"Ile karatasi ya bima," akasema. "Kaka yako bado hajaikataa. Ana mpaka saa sita. Nenda ukamwambie asaini."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Niliitazama kwa jicho la pembeni, nikaisoma vizuri kabisa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu haya ndiyo niliyokuja kuungama, na mengine yote nimeyasema ili nifike hapa. Kutoka choo kile mpaka alipokuwa Gene ni hatua arobaini. Mtu mwenye mguu mmoja angefika kwa dakika mbili.

Nilinawa mikono. Nikaifuta. Nikanawa tena. Nikafungua nywele, nikazibana upya, nikaona hazikukaa, nikazifungua. Nikamwambia Lavonne nipe dakika. Nikajaribu sentensi kwenye kioo: Gene, mdogo wangu, kuna jambo. Hapana. Gene, usikasirike. Hapana. Kila nilivyoianza niliona uso wake nyuma ya kibanda, ukilia kwa furaha, na sikutaka kuwa mtu atakayeufuta. Nilitaka kubaki shetani wake, yule mwanamke aliyewapindia makusudi, hata dakika moja zaidi. Ni aibu hiyo, na si kitu kingine. Hakuna aliyenishika.

"Bi Arlene," Lavonne akasema. "Saa."

Nilipotoka, saa ya ukutani ilikuwa imepita sita kwa dakika nne.

Gene alikuwa juu ya lile sanduku. Mkononi alikuwa na karatasi ile, au nusu yake, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa chini, na watu walikuwa wanaikanyaga wakicheza. Strand alikuwa anafunga mkoba wake bila haraka.

"Tumekataa!" Gene akapiga kelele aliponiona. "Dada! Tumewarudishia bima yao na miezi yao sita! Kura ya watu wote, mikono yote juu! Mtu wa mwisho kuinua alikuwa Rudy, lakini ameinua!"

Rudy alikuwa amesimama pembeni ya sanduku. Alinipungia ule mkono.

Nilipita katikati yao. Walinipisha, wakanishika mabega, wakanisukuma mbele. Nikafika chini ya sanduku, nikamvuta Gene suruali kama nilivyokuwa nikimvuta akipanda miti ya jirani.

"Shuka."

"Ngoja, hotuba haijaisha."

"Shuka, Gene. Sioni."

Akacheka. Akawageukia watu. "Mmemsikia? Haoni! Mtutu uliopinda unene wa unywele anauona, mimi mtu mzima hanioni!" Wakacheka wote. Akarukia chini, akanishika uso kwa mikono miwili, macho yake karibu kabisa na yangu, na katikati ya uso wake, palipopaswa kuwa na pua na mdomo, palikuwa pamekunjamana.

"Tangu Agosti," nikamwambia. "Sikupinda makusudi. Sikuwahi kupinda makusudi."

Aliendelea kutabasamu kidogo, akisubiri niendelee na utani. Kisha akamtazama Lavonne nyuma yangu, akaona yule mama anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Mikono yake ikaniachia uso.

Kicheko kikafa kwanza mbele, halafu nyuma. Nikasikia mkoba wa Strand ukifungwa kwa kubofya.

Ni Rudy aliyeuliza. Hakupaza sauti, aliuliza kama mtu aliyepitwa na neno moja kanisani.

"Haoni nini, Gene?"